Mimi Si Mpole, Waulizeni Watu wa Vienna

Mkahawa wa Pospischil,
Josefstadt, Vienna.

Ndugu Mhariri wa Jarida la Wasafiri,

Nakusalimu kwa heshima, ingawa kwa kinyongo. Mimi ni Leopold Navratil, mhudumu mkuu wa mkahawa uliotajwa hapo juu, kazi niliyoirithi kwa marehemu baba pamoja na suti nyeusi na uso mkavu. Toleo lako la mwezi uliopita limenichafulia jina, na nisipojitetea nafukuzwa kazi.

1. Umechapisha maoni ya wasafiri watatu juu ya watu wa mji wetu. Bwana Hyvönen wa Helsinki anasema tuna domo. Namsamehe, kwao hata jirani huamkiwa kwa kukwepwa. Bwana Krahn wa Berlin anasema tuna adabu ila tumelala. Kusifiwa adabu na mtu wa Berlin! Hilo nalo nimelimeza. Aliyenimaliza ni Bi Graça Quintela wa Recife. Kaandika kwamba mhudumu wa Pospischil ni mtu mwenye huruma kuliko wote aliokutana nao Ulaya, na kwamba alivuta kiti akaketi naye. Akaketi! Ndugu Mhariri, mhudumu wa Vienna haketi na mteja. Hata dari likianguka, atasimama hapohapo kwenye vumbi akuulize kama kahawa yako ni nyeusi au ya maziwa.

2. Tangu jarida litoke wageni wanamiminika wakitaka kuchekewa. Mmoja alitaka tupige picha tumekumbatiana. Huku wateja wetu wa kudumu, waliozoea kununiwa tangu ujana wao, wanahama. Dakta Wessely, aliyekuwa akishinda hapa na kikombe kimoja na magazeti yote, juzi nilimletea bilauri yake ya maji akanitazama usoni, akauliza kama naumwa, eti sikununa vya kutosha. Sasa yuko mkahawa wa jirani, ambako nasikia mhudumu hamjibu mtu kabisa. Sikufichi, wivu umenishika.

3. Mwenye mkahawa, Bi Pospischil, alinisomea jarida lako mbele ya wapishi wote. Kisha akasema, "Leopold, kahawa ipo kila kona. Hapa watu wanafuata kununiwa. Ukiketi tena, utakwenda bustanini kuuza aiskrimu." Na mvi zote hizi, niuze aiskrimu!

4. Ugonjwa wenyewe unaambukiza. Wiki iliyopita dereva wa tramu alimsubiri ajuza aliyekuwa akikimbilia kituoni, tena mlango wazi. Karani wa manispaa naye kamwambia mtu "karibu tena". Tukiendelea hivi, kesho tutaonekana watu wa Salzburg, wanaomchekea kila mtalii.

Kwa hiyo naomba uchapishe masahihisho kwamba Bi Quintela alikosea meza, alikosea mkahawa, na ikibidi alikosea mji. Mimi simjui. Sikusema naye lolote zaidi ya kumwuliza anakunywa nini, na hata hilo nililiuliza kwa kuguna. Kama anabisha, aje tena, nimtolee maneno ya karaha mbele ya mashahidi, kahawa juu yangu. Bora lawama kuliko fedheha, na fedheha ya kuitwa mpole katika mji huu haifutiki kwa sabuni.

Nisalimie wahariri wenzako, wapiga chapa, na yule anayewafagilia ofisi. Bwana Krahn usimsalimie.

Ni mimi niliyeudhika,
Leopold Navratil,
Mhudumu Mkuu (hadi sasa)

Tanbihi: Ukimwandikia Bi Quintela, tafadhali muulize kama mama yake alipasuliwa salama. Siku ile simu ya nyumbani ilipokatika alilia sana, akaahidi kunijulisha, na mpaka leo kimya. Kila Jumapili namwashia mama huyo mshumaa kanisani, lakini sikuuliza jina lake, basi huomba tu, "Mungu, yule mama wa Recife."