Malalamiko juu ya Afya Njema ya Tantine Mariette

Nakivale, Jumatano

Kwa Tantine Mariette, dada mkubwa wa marehemu baba yangu,
Biharwe.

Tantine mpendwa na mheshimiwa,

Baada ya salamu, ninaandika kulalamika rasmi kuhusu afya yako. Ni nzuri mno, na imeniharibia mambo.

Najua ulibeba vitenge vyako ukaenda Biharwe bila kuniaga, na unaamini mimi ndiye niliyekukosea. Naomba tuyaangalie mambo kwa utaratibu.

1. Mwezi huu nilipata bawasiri. Kutwa ninakaa kwenye benchi la mbao pale kituo cha afya nikiwatafsiria wagonjwa, sinywi maji ili nikwepe foleni ya choo, na jioni ninakula ugali wa kawunga na maharage. Nimelitafsiri neno hilo la bawasiri mbele ya watu wasiopungua arobaini bila kupepesa jicho. Zamu yangu ilipofika, nilikwenda hadi Mbarara, kwenye duka la dawa nisikojulikana, nikamwambia muuzaji, Bwana Muhire, kwamba dawa ni ya shangazi yangu. Kila mwenye bawasiri ana shangazi.

Alinielekeza vizuri. “Ambia mama aoshe na maji ya vuguvugu, akaushe polepole, apake kidogo tu, nje, asubuhi na jioni. Anawe mikono. Siku saba, basi. Akiona damu, asikae na hii dawa nyumbani, aende wamuangalie.” Kisha akaniuliza jina la shangazi huyo, akaandika lako juu ya kasha kwa wino mweusi. Sikumzuia. Hilo ndilo kosa langu pekee katika barua hii.

2. Mama Godeberthe wa chumba cha maombi alikuja kwetu kuazima chekecheo, akalisoma kasha. Unajua kwetu mgonjwa haachwi peke yake. Jioni walifika wamama kumi na wawili na sabuni, sukari, na mto uliotobolewa katikati. “We Mariette! Uko na ugonjwa ya kukaa, na unatufichaka?” Nawe, badala ya kunyamaza kama mtu mzima, ukapaza sauti: “Miye niko muzima! Mutazame!” Ukakaa kwenye kigoda, ukasimama, ukakaa tena, mara tatu, kwa nguvu. Wakapiga vigelegele. Tantine, ulidhani unakanusha. Ulikuwa unatoa ushuhuda wa kuponywa.

3. Kwa kuwa umepona, wameondoka na dawa yangu. “Mugonjwa amepona, dawa inabakia kufanya nini hapa?” Wamempelekea mama mwingine. Tyubu ya namna hiyo haipitishwi mtu kwa mtu. Nimelitafsiri onyo hilo mara nyingi. Lakini nilishindwa kusema kwamba imeshatumika, maana wangeuliza na nani. Nilikwenda kesho yake kuiomba tena, nikadanganya kuwa imepita tarehe, wakanirudishia. Walau hiyo nimeitupa shimoni kwa mkono wangu.

4. Nimeona damu. Mara mbili.

Hapa sitanii. Mwaka jana nilimtafsiria mzee mmoja aliyeiita damu yake bawasiri kwa miaka miwili. Haikuwa bawasiri. Daktari alisema kwa Kiingereza, lakini mdomo uliomwambia mzee yule ulikuwa wangu. Alinishika mkono akasema, “Aksanti, binti,” kana kwamba nimemletea maji ya kunywa. Sasa kila ninapokwenda chooni ninaisikia aksanti ile.

Kwa sababu hizo nne, ombi langu ni moja: rudi uugue. Si kwa muda mrefu. Ijumaa utaketi mbele ya nesi Anne wa pale kituoni, mimi pembeni yako kama mkalimani. Utasema lolote, hata habari za vitenge, nami nitatafsiri dalili zangu. Akiuliza umri wako, nitapunguza. Kasoro iko kwenye kupimwa tu: atakulaza wewe kitandani, naye atakutana na afya ileile ninayoilalamikia. Nimetafuta suluhisho siku mbili. Halipo. Lakini mpango wenyewe umepangwa vizuri, na mtu aliyesomeshwa na wewe hawezi kuutupa hivihivi.

Nisalimie wote wa hapo, na jirani yako Élyse, ila usimsomee barua hii.

Ni mimi, mtoto wako mtiifu ambaye ameandika haya yote akiwa amesimama,

Viviane

N.B. Barua imelala hapa hadi leo, Jumamosi, kwa kukosa mtu wa kuileta. Jana nilikwenda mwenyewe. Anne aliuliza kutoka nyuma ya pazia, “Leo mkalimani yuko wapi?” Nikasema ndiye huyu aliyelala kitandani. Amenipima. Ni bawasiri tu, hakuna kingine. Nimeamriwa maji, mboga, beseni la maji ya vuguvugu, na nisipake tena chochote bila kumwuliza. Basi baki na afya yako, ombi nimelifuta.

Kutoka hapo nilikwenda kwa Mama Godeberthe nikakiri mbele ya wote kwamba mgonjwa nilikuwa mimi. Alinikumbatia akilia. “Muone mutoto wa masomo, anabeba aibu ya shangazi yake!” Nilisisitiza, wakanisifu zaidi. Kesho wanataka nisimame kanisani kama mfano wa upendo. Tafadhali, Tantine, panda gari leo hii, uje uwaambie kwamba mimi ndiye mgonjwa. Wewe watakuamini. Wewe umeponywa.