Mjukuu Wangu Hazaliwi Siku Meli Ilipozama

Jumatatu, 13 Aprili
Moyo wanidunda kama ngoma mbovu. Keshokutwa binti yangu anapasuliwa. Mtoto kakaa kitako tumboni. Si upasuaji unaonitisha. Binti yangu ni mhasibu, tangu chekechea hajashindwa kitu, karithi kwangu. Kinachonitisha ni kalenda tuliyopewa na duka la misumari. Chini ya kila tarehe wameandika yaliyotokea duniani siku hiyo. Nikasoma tarehe 15: mwaka 1912, meli kubwa kuliko zote ilizama. Watu zaidi ya elfu! Na mjukuu wangu aanze safari siku hiyo? Thubutu!

Jumanne, 14 Aprili
Nimemwomba daktari asogeze siku. Kasema kila tarehe ina msiba wake, na mtoto tumboni hasomi kalenda. Mkwe mwenzangu, mama wa mume wa binti yangu, kacheka mpaka kikohozi. Eti yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kumpakata mtoto. Aote! Kisha daktari kaagiza mgonjwa asile chochote kuanzia usiku. Akila, hapasuliwi. Ahaa! Dawa kanipa mwenyewe.

Jumatano, 15 Aprili
Nimeingiza mkate na ndizi wodini ndani ya mkoba. Nikamwambia binti yangu muuguzi karuhusu. Njaa haijui hesabu, kala vyote. Upasuaji ukasogezwa hadi kesho. Ushindi!

Halafu daktari akaniita. Kaniuliza kama najua kwamba mtu aliyeshiba akilazwa kwa dawa ya usingizi anaweza kutapika, akapaliwa, akafa. Nimepigwa marufuku kuvuka geti la hospitali.

Nyumbani nikaangalia tarehe 16. Mwaka 1947, meli ya mbolea ililipuka bandarini. Mama yangu! Nimeruka mkojo, nimekanyaga mavi.

Alhamisi, 16 Aprili
Uchungu umemwanza alfajiri, kabla ya zamu ya upasuaji. Wamekimbia naye kwenye kitanda cha magurudumu. Mimi getini, nimeng'ang'ania vyuma, ulimi umekauka kwa dua. Ee Mungu, niachie binti yangu, sitasoma tena kalenda maishani!

Mlinzi kanipa kiti chake. Nikashindwa kukaa.

Mwishowe mkwe mwenzangu akajitokeza dirishani. Kapaza sauti: msichana, kilo tatu na nusu, mama yake mzima! Nimelia. Mlinzi naye kalia. Ndipo nikaona alichobeba kifuani: mjukuu wangu. Kanitangulia!

Ijumaa, 17 Aprili
Leo nimeruhusiwa kuingia. Pua yangu ile ile! Mtoto mzuri kama huyu wodi nzima hakuna. Nikamwomba binti yangu radhi. Kasema, mama, yamekwisha, ila hiyo kalenda naomba uitupe.

Nimeitupa. Nimechungulia tu kwanza siku watakayotoka, yaani kesho. Mwaka 1906, tetemeko la ardhi, mji mzima chali!

Nguo zote za mtoto ninazo hapa nyumbani. Nimemwambia muuguzi nimezichukua kufua. Tuone kama watamtoa mjukuu wangu uchi.