Vijidudu vya Profesa na Boriti ya Mama

Jumatatu, 3 Machi

Kipande cha fremu ya mlango wa Mama kimebaki mkononi mwangu asubuhi. Nilikigusa tu! Ndani hakuna ubao tena, ni udongo na mchwa wanakimbizana. Mama alikuwa kitandani ananitazama. Akasema hata boriti iliyo juu ya kichwa chake siku hizi inalia, kama kuna mtu anatafuna karanga. Nikamwambia ni upepo.

Jioni kaja shemeji, mume wa dada yangu. Seremala. Kaigonga boriti kwa kidole, kasikiliza, kaguna. Eti zote zitolewe. Mbao mpya anazo karakanani kwake, Jumapili anaanza, na kazi ikiendelea Mama atakaa kwao. Halafu akamalizia na usipoziba ufa utajenga ukuta. Tangu amuoe dada yangu methali yake ni hiyo hiyo moja.

Mama kakubali kwenda, ila kwa sharti. "Nirudi," alisema. "Nataka nifie humu, chumba alichoniachia baba yenu."

Roho imeniuma. Lakini kuna jingine linaniuma zaidi, na humu naandika ukweli. Shemeji akiweka boriti, ukoo mzima utasema mkwe ndiye kaiokoa nyumba ya marehemu, mtoto wa kiume alikuwepo anatoa macho. Thubutu!

Jumanne, 4 Machi

Mungu hamtupi mja wake. Mimi ni mtunza stoo katika maabara ya utafiti wa wadudu. (Ndiyo maana shemeji ananiita Profesa. Si kwa heshima.) Leo Daktari, mtafiti wetu, alikuwa na furaha, akanieleza habari za bakteria wake wapya aliowabadilisha mwenyewe pale maabara.

Kumbe mchwa hasagi ubao peke yake. Tumboni ana viumbe wadogo wanaomsaidia, wenye vimeng'enya vya kuulainisha. Bakteria wa Daktari wanaingia na chakula na kuwaua wasaidizi hao. Mchwa anaendelea kula, tumbo limejaa, na huku anakufa njaa. Na kwa kuwa mchwa hulishana mdomo kwa mdomo, mmoja akila wamekula wote, mpaka malkia. Sharti ni subira tu. Mchwa asijijue kuwa ni mgonjwa, afike kwao, awalishe wenzake. Ni kazi ya wiki nyingi. Tena bado ni majaribio, hakuna ruhusa kutoa kitu nje.

Nilisikiliza yote isipokuwa mwisho.

Kuna chupa mbili zilizobaki, zinatakiwa kuchemshwa na kumwagwa. Nani hupeleka vitu kuchemshwa? Mimi.

Alhamisi, 6 Machi

Mtego tayari. Nimechana maboksi, nikayaloweka kwenye maji ya sukari pamoja na chupa ya kwanza, nikayapanga chini ya mlango wa Mama. Chupa ya pili iko kwenye friji, nyuma ya maziwa. Mama kauliza mbona maziwa yananuka uji uliochacha. Nikasingizia umeme.

Mchwa wamekuja! Wanakula kwa adabu, mstari mmoja. Nimekaa nikiwaangalia kama mzazi ambaye wanawe leo hawajakataa chakula.

Dada alikuja kufunga nguo za Mama. Nikamwambia aache, hakuna anayehama, sayansi iko kazini. Akaniuliza kama nina uhakika. Nikamjibu kwa vimeng'enya. Akatazama dari, akaendelea kufunga.

Jumamosi, 8 Machi

Shemeji alikuja kupima. Nikaona bora nimweleze mapema, asijisumbue. Alicheka mpaka akaketi chini. Akasema mchwa wangu wamenawiri, labda niwaongezee na siagi.

Kisha akaacha kucheka. Ana mteja anazitaka zile mbao, anamzungusha kwa ajili ya Mama. Kama kweli dawa yangu inafanya kazi, aione kesho, naye atamwachia mteja. Kama haifanyi, tuache utoto, kesho anabomoa.

Nikamwambia kesho atahesabu maiti.

Tatizo: maiti hakuna. Hata mmoja! Wanazidi kunenepa. Wiki nyingi, alisema Daktari, lakini Daktari hana shemeji kama wangu.

Mchana nimekwenda duka la pembejeo, nikanunua sumu kali, nikaimwaga yote juu ya maboksi. Bakteria waue kwa ndani, sumu iue kwa nje. Jambo rahisi hivi, wasomi hawakuliona!

Jumapili, 9 Machi

USHINDI! Mchwa wamelala chungu nzima. Nimewazoa kwa kizoleo. Sikuwatupa, niliwaweka kwenye sinia ili shemeji awaone vizuri akiingia.

Akawaona. Akainama, akawageuza kwa kijiti. Akasema basi, labda yeye ndiye mjinga. Neno tamu hilo! Akatoka nje, akampigia mteja wake. Mbao zimeondoka leo leo.

Mama alifungua furushi lake, akatundika nguo zake msumarini, moja moja. Kisha akanishika mkono, akasema baba yangu angekuwepo angefurahi. Sijui kama niliwahi kuambiwa hivyo.

Alhamisi, 13 Machi

Nimemuuliza Daktari swali kwa niaba ya rafiki. Rafiki yangu huyo, tuseme alikuwa na dawa kama yake, akaichanganya na sumu. Ni vibaya?

Daktari kaweka kikombe chini. Akasema rafiki yangu ni mtu aliyewatuma watu ujumbe kisha akawavunja miguu mlangoni. Waliokula walifia palepale, hawakumfikishia mtu kitu. Na wale walio nyuma wakiona wafu, huziba njia hiyo kwa udongo na kuzungukia kwingine. Nikauliza, kwingine wapi? Akasema popote penye ubao.

Kisha akauliza kama zile chupa nilizichemsha. Nikamwambia zilichemka vizuri sana.

Nikarudi nyumbani nimeshika simu, nimpigie shemeji. Nikawaza atakavyocheka. Nikaweka simu mfukoni, nikampitia Mama chumbani kwanza. Akasema boriti haitafuni tena, imenyamaza kabisa, analala kama mtoto. Basi! Daktari naye si Mungu.

Jumatatu, 17 Machi

Imeanguka.

Asubuhi, Mama akiwa bombani anaosha kikombe chake. Boriti, bati, udongo, vyote juu ya mto wake. Boriti ilinyamaza kwa sababu ndani palikuwa hamna kitu kilichobaki cha kutafuna. Ukuta nao umepasuka kuanzia juu mpaka dirishani. Humu hamkaliki tena.

Shemeji alikuja mbio na msumeno. Akafanya kazi mpaka mchana bila kunitazama. Hakusema hata ile methali. Nilitamani aiseme.

Mama alisimama uani na kikombe mkononi, kimetakata. Akaniambia, "Ungeacha tu aziweke zile mbao, mwanangu." Si kwa ukali. Nikaenda nyuma ya choo, nikalia mpaka kamasi.

Chumbani niliweza kuokoa kitu kimoja, kasha la Mama la mbao, baba alilichonga mwenyewe. Shemeji alitaka libaki nje kwanza, alikague. Alikague! Kasha la baba yangu! Nikalibeba kichwani mpaka kwao, nikaliingiza ndani mwenyewe.

Jumapili, 23 Machi

Bado tuko kwa dada. Mama kapewa chumba cha cherehani. Anaketi ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani, kama mgeni anayesubiri kuagwa. Haulizi atarudi lini. Heri angeuliza. Mimi nalala kwenye kochi. Shemeji anasema atatafuta mbao nyingine, ila haahidi.

Leo Mama alitaka sweta. Nikasogeza kasha. Nyuma yake kuna kamstari ka udongo, bado kana unyevu, kanatoka mguuni mwa kasha na kupanda ukutani kuelekea kwenye dari ya shemeji. Dari aliyoipigilia yeye mwenyewe, ubao kwa ubao.

Mama amekaona pia. "Mwite shemeji yako," akasema. "Sasa hivi."

Nikasema ndiyo Mama. Nikatoka mpaka koridoni, nikakohoa, nikarudi. Nikamwambia hayupo. Yupo uani ananoa msumeno, namsikia hata sasa ninavyoandika.

Ya nini kumtia presha? Chupa ya pili nilihama nayo mfukoni, sasa iko kwenye friji yao, nyuma ya maziwa. Maboksi yapo tele. Na kosa langu nimeshalijua. Safari hii sumu nitatia kidogo tu.