Namfundisha Bibi Helga Kiingereza

Jumamosi, 3 Oktoba 1998
Shurooq kamwaga kahawa sasa hivi juu ya zulia, kisha kajilaza papo hapo kwa furaha. Miaka miwili, hajui kama anagombaniwa! Mamamkwe, Bi Shariffa, kasema eda ya marehemu mwanawe nimeshamaliza. Nikienda kufunga biskuti kiwandani Rusayl, mtoto anamchukua yeye, akaishi naye kwake, mji wa Sur. Sikulia mbele yake. Nna mpango.

Bibi Helga, Mjerumani wa mtaa wa Qurum, akifaulu mtihani wa Kiingereza atapewa chekechea aiongoze. Kaniahidi kazi humo, na mwanangu nije naye. Nimemwambia miye mwalimu. Shule niliacha mapema, lakini kwa Kiingereza nimewauzia khanga watalii Unguja.

Jumatatu, 5 Oktoba
Somo la kwanza. Kinachomponza ni vile vineno vidogo. Basi la abiria analisubiri kwa 'on' badala ya 'for', kama vile kakaa juu ya bati lake! Nikataka kumkosoa. Lakini mgeni, kaketi kwangu, tende yangu mkononi? Aibu. Nikamwambia vizuri sana. Naye hajui kutikisa finjani kuonesha katosheka. Nikammiminia kahawa mara kumi na moja. Somo likaishia chooni.

Jumatano, 7 Oktoba
Jirani yangu Mastura kaingia bila ya hodi. Bibi Helga kasema kazi ataimaliza 'until' Ijumaa. Mastura kamkata usoni: sivyo, mama, sema 'by'! Nilitamani ardhi inimeze. Nikamwambia mgeni wangu asimsikilize, lake ndilo zuri zaidi. Mastura kacheka: we unafundisha au unaposa?

Jumapili, 11 Oktoba
Bibi Helga kaanguka mtihani. Kaja na karatasi, nyekundu tupu, vineno vile vile. Kauliza kwa nini sikumwambia. Nikamkaribisha halwa. Hakula.

Atarudia mtihani Disemba. Masomo kayahamishia kwa Mastura, na ile kazi kamuahidi yeye. Mastura hana hata mtoto!

Sasa kwangu ni kiwandani tu. Nakunja nguo za Shurooq. Nikikunja, anakunjua. Anadhani mchezo.

Jumanne, 13 Oktoba
Gari la Bi Shariffa liko mlangoni. Nimemwambia Shurooq mama atamfuata karibuni. Si uongo! Kuna Mjerumani mwengine, mke wa daktari, anatafuta mwalimu wa mtihani ule ule. Kesho anakuja. Nimeshamsikia, anakosea kuliko Bibi Helga, lakini mtu humkosoi siku ya kwanza. Wala ya pili. Ntamnyamazia mpaka anizoee, na akishafaulu tu

Bi Shariffa ananiita. Anasema nije nimbandue Shurooq mikono, kaushika mlango, hataki ku