Mradi Namba Nne: Mtoto Mmoja wa Kujitegemea

Kwa mamlaka niliyopewa, na kwa furaha ambayo sheria hainikatazi kuionyesha, natangaza kwamba Kata ya Mwagulanja ndiyo kata ya kwanza katika Mkoa wa Simiyu kuingiza utungaji wa mimba kwenye orodha ya miradi ya maendeleo. Makofi tafadhali. Kata nyingine zina mabwawa. Zina majosho ya ng'ombe. Sisi tuna Mayunga na Scola.

Mimi ni Method Paschal, Mtendaji wa Kata hii kwa mwaka wa sita sasa. Naandika mwenyewe kwa sababu vijana wa bodaboda pale senta wanaieleza habari hii kwa namna ya kunichafua. Wanasema nilidhalilika mbele ya watu. Sikudhalilika. Nilipitia mchakato.

Mayunga ni mkulima wa pamba, mtu mpole, hana hatia yoyote isipokuwa kuchelewa vikao. Mkewe, Scola, anatoka Nkoma. Wana miaka saba ya ndoa na hawajapata mtoto. Mtu wa mjini atasema hilo ni la watu wawili. Kwetu sisi kuna ng'ombe kumi na wawili waliotoka zizi la akina Mayunga wakaenda Nkoma, na hawakwenda kutembea. Mwezi wa kwanza baba wadogo wa Mayunga walikaa wakaamua: pamba ikishauzwa, kama tumbo la Scola bado ni lile lile, mwanamke arudi kwao na ng'ombe warudi kwao. Scola aliambiwa akiwa anapepeta mahindi. Machozi yalimtoka na ungo haukusimama.

Kwa mganga walishakwenda, wakachanjwa wote wawili. Hospitali walishakwenda pia, wakapewa tarehe ya kurudi kuchukua tarehe. Ndipo Scola akasema, "Basi. Tutafanya wenyewe nyumbani."

Aliyewafundisha ni nesi wetu wa zahanati, Precious. Aliwapa kalenda ya ukutani na kipimajoto cha kuweka chini ya ulimi kila alfajiri kabla Scola hajainuka kitandani. Akawaelekeza duka la dawa pale Bariadi linalouza vijiti vya kupimia mkojo, vile vinavyoonyesha kwamba yai liko njiani. Mayunga akakatazwa pombe na suruali za kubana. Scola akahesabu, akapima, akahesabu tena, kisha akachukua kalamu nyekundu akazungushia tarehe tatu za mwezi wa pili: kumi na moja, kumi na mbili na kumi na tatu.

Ofisi yangu ililijuaje jambo la chumbani? Kwa utaratibu. Scola alikuja mwenyewe asubuhi moja, kalenda ameikunja kwapani.

"Mwangaluka, Mtendaji."

"Mwangaluka, mama. Shida?"

"Naomba Mayunga asiitwe kwenye msaragambo wa kujenga darasa tarehe kumi na moja mpaka kumi na tatu. Abaki nyumbani."

"Anaumwa?"

"Mzima."

"Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Kinyume chake."

Nikamtaka afafanue, kwa kuwa fomu ya ruhusa haina kisanduku cha kinyume cha msiba. Akafafanua huku anaangalia sakafu. Nilishtuka kama kiongozi.

"Yaani mnafanya wenyewe? Nyumbani? Bila mtaalamu?"

Akainua macho. "Kwani wewe watoto wako wanne ulimwita mtaalamu?"

Swali hilo lilikuwa nje ya mada. Lakini alipoondoka nilibaki nawaza, na mawazo yangu yalikuwa ya kimkakati. Wilaya ilikuwa imeagiza kila kata iwasilishe miradi minne ya kujitegemea. Sisi tulikuwa na mitatu: darasa, kisima na bwawa la samaki. Darasa lilikuwa na boma. Kisima kilikuwa na shimo. Bwawa lilikuwa na jina. Wa nne hatukuwa nao, na hapa nilikuwa na wananchi wawili waliojitolea nguvu zao wenyewe, vifaa vyao wenyewe na eneo lao wenyewe. Kama huo si mradi, mradi ni nini?

Nikamfuata Scola nyumbani nikampa habari njema: sera inasema wananchi wanaanza, Serikali inakuja kumalizia.

"Hapana, asante," alisema haraka. "Tutamaliza wenyewe."

Wananchi wengi huanza kwa woga namna hiyo. Jumatatu tukasimika kibao mbele ya nyumba yao, maandishi meupe juu ya bluu: MRADI: MTOTO MMOJA (1). CHANZO: NGUVU ZA WANANCHI. MKANDARASI: MAYUNGA. MSIMAMIZI: OFISI YA KATA. MUDA WA UTEKELEZAJI: MIEZI TISA. Kilipendeza kweli. Mayunga alikuja ofisini amevua kofia.

"Mtendaji, watoto wa shule wanasimama pale wanakisoma kwa sauti."

"Hiyo ndiyo elimu kwa umma."

"Mama naye ameuliza kimeandikwa nini."

Mama yake ni Nyanjige, mjane, ana ulimi mkali kuliko kiwembe kipya. Inasemekana alipoelezwa alikaa chini palepale barabarani akasema "Mayu wee!", yaani mama wee, mara tatu. Nikamwambia Mayunga kwamba wazee huhitaji muda kupokea maendeleo.

Sasa, mwongozo wa miradi una masharti mawili magumu. Kwanza, mkandarasi lazima apewe semina elekezi ya siku tatu. Pili, katika hatua ya msingi msimamizi lazima awepo eneo la mradi muda wote wa kazi, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Hatua ya msingi kwa mradi huu ilikuwa ipi, kila mtu mzima anajua. Nilimweleza Scola kwamba tarehe kumi na moja nitafika na kiti changu.

"Njoo," alisema. "Maji yatakuwa yanachemka."

Kwa kuzingatia mazingira ya eneo la mradi, niliamua kufika kwa maandishi. Kiongozi makini hahitaji vumbi viatuni ili awe amefika. Nilikwenda mjini Bariadi siku zote tatu, mahali penye kivuli, supu na utulivu wa kuandika, nikajaza taarifa nzuri ajabu. Nikaandika kwamba mkandarasi alihudhuria semina mjini Mwanhuzi tarehe kumi na moja, kumi na mbili na kumi na tatu. Nikaandika kwamba tarehe hizohizo msimamizi alikuwepo eneo la mradi na kwamba kazi ilifanyika kwa kiwango cha kuridhisha. Sahihi ya Mayunga niliiweka mimi, kumpunguzia mzigo. Muhuri, bahasha, Wilayani.

Na huko nyumbani, kumbe, hakuna aliyewasumbua. Mayunga hakuitwa msaragambo, hakuitwa semina, hakuona kiti changu wala kivuli changu. Mwezi wa tatu Scola alikwenda zahanati, akatoka amemshika Precious mkono, wote wawili wanalia. Mayunga alikimbia kutoka shambani mpaka zahanati bila viatu, akafika akasahau alichotaka kuuliza. Nami nilifurahi, jamani, nilifurahi kwa dhati. Asilimia ya utekelezaji ya kata yangu ilipanda.

Mwezi wa sita, pamba ikiwa inauzwa, Wilaya ikamtuma mgeni rasmi kuja kukagua: Mratibu wa Miradi, Mama Elizabeth Josia, mwanamke wa maneno machache na miwani mikubwa. Nilimpeleka moja kwa moja Mradi Namba Nne. Turubai lilikuwepo, viti vilikuwepo, ngoma ilikuwepo. Scola alikaa mbele kwa kitenge kipya, tumbo limeanza kuonekana, Mayunga pembeni yake anatabasamu peke yake. Baba wadogo watatu walikuwepo, wamekuja kulihakiki tumbo kwa macho. Kata nzima ilikuwepo.

Precious alisimama kwanza, akasema mama na mtoto wanaendelea vizuri, na kwa kalenda aliyoitunza Scola mimba ilitunga kati ya tarehe kumi na moja na kumi na tatu Februari. Vigelegele. Kisha nikaja mimi, kipaza sauti mkononi, nikasoma taarifa ya usimamizi neno kwa neno. Nilipomaliza nilisubiri makofi.

Hayakuja. Nyanjige alikuwa amesimama.

"Mtendaji, rudia hapo pa tarehe."

Nikarudia, kwa sauti nzuri zaidi.

"Mwanangu alikuwa wapi?"

"Mwanhuzi, mayu. Kwenye semina."

"Na wewe?"

"Eneo la mradi. Asubuhi hadi jioni."

"Na mkamwana wangu?"

"Eneo la..." Hapo hata mimi nikasikia.

Baba mdogo mmoja aliokota fimbo yake. Wa pili akamuuliza wa tatu, bila kupunguza sauti, fidia ya ugoni siku hizi ni ng'ombe wangapi, na kama Mtendaji hana zizi analipaje. Mayunga alisimama.

"Mimi Mwanhuzi sijakanyaga tangu nizaliwe."

Mama Elizabeth akageuza karatasi. "Lakini sahihi yako ya semina ipo hapa."

"Sahihi? Mama, mimi naweka dole gumba."

Nilitaka kutoa taarifa ya ufafanuzi, nikaanza kupekua makaratasi. Ndipo Scola alipoinuka. Mkono mmoja aliuweka tumboni, na hakuniita mheshimiwa.

"Method, sema ukweli. Miaka saba nimeitwa tasa nikavumilia. Nimepima joto kila alfajiri, nimehesabu siku mpaka nikaota tarakimu. Leo nimepata mtoto na mume wangu, halafu karatasi yako inasema ni wa ofisi? Watanirudisha Nkoma leo hii kwa ajili ya muhuri wako!"

Mama Elizabeth akavua miwani.

"Mtendaji. Taarifa hii ni ya kweli, au si ya kweli?"

Nawaomba wasomaji waelewe uzito wa swali lile kwa mtumishi wa umma. Ikiwa ni ya kweli, mimi ni mgoni, na fimbo ziko hatua tano. Ikiwa si ya kweli, mimi ni mwongo, na Wilaya iko hatua mbili. Nikamtazama Scola. Machozi yalikuwa yanashuka bila yeye kuyafuta. Niseme nini, na mimi ni baba wa mabinti. Aibu ilinishika, aibu ya kweli, siyo ya kikao.

"Sikufika," nilisema.

"Sauti!" alifoka Nyanjige.

"Sikufika! Sijawahi kufika! Semina haikuwepo, sahihi niliiweka mimi, na nyumba hii sikuisogelea siku zote tatu! Mayunga alikuwa nyumbani na mke wake, kazi wameifanya wenyewe!"

Vigelegele vilivyopigwa hapo sijawahi kuvisikia hata siku ya uzinduzi wa kitu halisi. Nyanjige alimkumbatia mkamwana wake, akawa anamwita mayu, mayu, huku analia na kucheka kwa zamu. Fimbo zilishuka. Baba mdogo mkubwa akatangaza kwamba ng'ombe wako Nkoma na watafia Nkoma. Mayunga alinipa mkono, akaniambia wabeja, asante, na ninaamini ndiye mwananchi wa kwanza nchini kumshukuru Mtendaji kwa kutofika.

Mama Elizabeth alikuwa anaandika. Aliandika kwa muda mrefu. Kisha akauliza kama na kile kisima nilifika kwa njia hiyohiyo, nami nikaomba nijibu kwa barua.

Nilikuwa nimeanza kupumua pale sauti nyingine ilipotoka safu ya nyuma, ya utulivu kabisa. Alikuwa Benedikta, mke wangu, ambaye nilimwalika mwenyewe aje kuona ninavyopongezwa.

"Baba Januarius," alisema, "mimi uliniaga siku zote tatu kwamba unakwenda kusimamia mradi wa Mayunga. Ulirudi usiku, nikakupa maji ya kuoga, nikakupa pole na kazi. Sasa kama hapa hukufika, na nyumbani hukuwepo, ulikuwa wapi? Na kwa nani?"

Nikamgeukia mgeni rasmi, nikamwomba aelekeze kwamba swali hilo haliko kwenye ratiba. Mama Elizabeth alivaa miwani yake, akapitia ratiba kwa makini mstari kwa mstari. Akasema ni kweli, halipo, lakini muda upo. Akanyoosha mkono, akachukua kipaza sauti kutoka kwangu, akampelekea Benedikta kule nyuma alikokuwa amesimama.

Betri ilikuwa imejaa. Hilo nilikuwa nimelisimamia mwenyewe.