Pini Nyekundu kwa Mama Mbeti

Gazeti, jina la ubatizo Bedan, alifika kibandani kwa Mama Mbeti akihema, na mtaa mzima wa Mbotela unajua kuwa huyo hakimbizwi na kitu ila mvua.

"Buda, nimetoka kanjo, kwa ofisi za jiji. Ile ramani ya Bwana Afya imejaa pini nyekundu! Kila mgonjwa wa tumbo, pini yake!"

"Si ndiyo tulitaka?" akasema Muasya, mchonga vinyago. "Penye pini nyingi ndipo watajenga dispensari. Mimi nilimwambia tumbo linaniendesha tangu sikukuu ya Jamhuri!"

"Mimi nilisema nimezimia mara mbili," nikatia langu, kwa fahari.

Muturi, seremala wa Gikomba, alikuwa pembeni akinywa chai ya rangi.

"Ngojeni basi," akakatiza Gazeti. " Pini zote zimezunguka hapa. Wanasema ugonjwa unatoka kwa hiki kibanda. Wanakuja kukifunga leo!"

Mama Mbeti akaacha kukoroga chai. "Nani alisema amekula kwangu?"

Muasya akaanza kuchokonoa meno. Benchi zima likatazama viatu.

"Sasa Mama, tuliulizwa tulikula wapi," akasema Gazeti. "Mwanamume atatukana sufuria ya mkewe mbele ya serikali?"

"Kwa hivyo mkatukana yangu! Watoto wangu wale pini?"

Nilisikia haya, nikarudisha andazi kwenye sahani. Mdomo uliponza kichwa, na kichwa chenyewe si chetu.

Bwana Afya, kijana mpole aitwaye Nyamai, akatokea na kufuli mkononi, ramani kwapani. Mama Mbeti akamzuia kwa mwiko.

"Wagonjwa wako ndio hawa, wananimalizia mandazi. Waulize!"

"Tulidanganya, Bwana Nyamai," nikasema. "Tulitaka dispensari."

Nyamai akaitandaza ramani mezani, uso umemshuka. "Wazee, ramani inaamini kila inachoambiwa. Aliyedanganya anyooshe mkono, nichomoe pini yake."

Mikono ikapaa. Pini zikatoka, ikabaki moja. Ya Muturi. Mkono wake ulikuwa tumboni.

"Wewe mzee uliugua kweli?"

"Kweli kabisa! Niliona kaburi."

"Ulikula wapi?"

Muturi akafungua kinywa. Hapo mkewe, Waruguru, akasimama mlangoni na kikapu chake cha sukuma wiki.

"Sema, Baba Wakiuru. Ulikula wapi?"

Muturi akanyoosha mikono yote miwili.

"Bwana Nyamai, chomoa!"