Kura za Kitana

Mjini kwetu Kachnarpur ukisema "Injinia" hakuna anayeuliza ni yupi. Ni Trilochan, ambaye uinjinia wake wote ni kalamu tatu za mfuko wa shati na maneno matamu. Lakini mwaka ule wa uchaguzi, matamu hayo yalikuwa yamemtokea puani. Mkewe Phulmati alikuwa amerudi kwao, baada ya bwana kuuza bangili zake za dhahabu ili anunue hisa katika kiwanda cha kutengeneza mvua.

"Usikanyage mlangoni kwa baba bila bangili," Phulmati alimwambia, akapanda basi. Na Trilochan alimpenda mke yule, jamani. Tapeli naye ana moyo.

Basi alikuwa dukani kwa Dhaniram muuza vitamu, anakula jalebi za mkopo, akamsikia Dhaniram akilalamika. Anagombea udiwani, hela imemtoka, na sasa watu wanasema mashine za kura zinapoteza kura.

Trilochan akaacha kutafuna.

"Nani kakwambia, kaka?" akanong'ona. "Hiyo ilikuwa siri yetu mafundi."

"Kumbe kweli?"

"Kesho alfajiri, kabla watu hawajapiga kura, kuna jaribio. Nenda mwenyewe. Utabonyeza alama yako ya birika, utaziona kura zako zimeingia. Kisha afisa atabonyeza kitufe kimoja tu. Kura zako zote sifuri! Usipoona sifuri, nizabe kofi mbele ya wateja wako."

"Mungu wangu! Na dawa yake?"

Trilochan akachomoa rimoti ya feni iliyokufa zamani. "Nikiminya hii, kura zako hazimezwi. Sitaki hela, mimi si mwizi. Niwekee rehani bangili za shemeji. Ukishindwa, nakurudishia. Ukishinda, ni zangu."

Sasa ndugu msomaji, yeyote aliyewahi kukaa kituoni kama wakala wa mgombea anajua kwamba ile sifuri ndiyo haki yenyewe. Kura za jaribio hufutwa ili za kweli zianzie patupu. Lakini Dhaniram alikuwa mgeni wa mambo hayo. Mgeni pia alikuwa mpinzani wake, Gopichand wa saruji, mwenye alama ya ngazi. Diwani wa zamani alikikalia kiti kile mpaka hawa wawili wakaota vipara.

Na jioni ileile, Gopichand naye aliuziwa rimoti ileile kwa maneno yaleyale. Hesabu ya Trilochan ilikuwa safi. Kata ina wagombea wawili wa maana, mmoja lazima ashinde. Aliyeshindwa arudishiwe bangili zake, amwite mwaminifu. Aliyeshinda aache zake, amwite bingwa. Wa tatu alikuwa Trilochan mwenyewe, alama ya kitana, aliyekuwa amejiandikisha tangu mwanzo ili tu aruhusiwe kuingia chumba cha kuhesabia, maana tapeli hakosi riziki penye uchaguzi. Hata mama yake mzazi hakukusudia kumpigia.

Alfajiri jaribio likafanyika. Wakabonyeza, mashine ikalia pii, pii. Kura zikasomwa. Afisa akafuta, akawaonyesha sifuri kwenye kioo cha mashine.

"Birika limemezwa!" Dhaniram akapiga yowe.

"Na ngazi yangu! Ngazi imemezwa, jamani!" Gopichand naye akashika kichwa.

Afisa alijitahidi kueleza, nani amsikilize? Foleni ya nje ilishasikia. Kitana hakikuwa na wa kukililia. Trilochan alisimama anatabasamu, kwa sababu kila yowe lilimkaribishia bangili. Kabla chai haijapoa, jozi mbili zilikuwa mfukoni mwake.

Huku foleni ikawa baraza.

"Mimi nimejikokota na goti hili bovu," alisema bibi Ramkali, muuza mboga. "Kura yangu iende kumezwa? Thubutu! Ipi haimezwi?"

"Birika linamezwa, ngazi inamezwa," akajibu kinyozi. "Kitana sijasikia."

"Kitana cha nani?"

"Cha yule mwongo, Injinia."

"Mwongo na awe mwongo. Angalau kura yangu itafika."

Na foleni nzima ikaona bibi ana akili.

Siku ya kuhesabu, Trilochan aliingia ukumbini ameoga, ameshachana nywele, tiketi ya basi la kwa wakwe mfukoni. Msimamizi, mama mmoja wa miwani asiyecheka ovyo, akawafungulia watu milango wasikie, akasoma matokeo. Birika, kiduchu. Ngazi, kiduchu vilevile. Kitana, mlima.

Trilochan akageukia mlango. Dhaniram na Gopichand walishamdaka kila mmoja mkono wake.

"Nimeshindwa. Bangili!"

"Na mimi nimeshindwa. Zangu ziko wapi, mshenzi we?"

"Kumbe hata wewe?" Wakatazamana, wakaelewa. Wakazitoa wenyewe mfukoni mwake, kila mtu zake, na tiketi ya basi ikachanika katika purukushani. Trilochan alitaka kulia. Akaona njia moja tu: uchaguzi urudiwe, mmoja wao ashinde. Akaruka mbele ya msimamizi.

"Mama, mashine ni mbovu! Imepoteza kura za watu!"

Mama akavua miwani. "Walioshindwa huniambia hivyo kila mwaka. Mshindi kunililia, ndiyo kwanza leo." Akaamuru vikaratasi ambavyo mashine huchapa kwa kila kura vihesabiwe kwa mkono. Havikupishana na kioo hata kimoja.

"Basi mimi ni mwongo!" Trilochan akapaza sauti, jasho linamtoka. "Nimewadanganya wote! Mashine haimezi kitu! Rimoti ni ya feni! Niliuza hadi bangili za mke wangu, mimi ni tapeli, nifukuzeni!"

Bibi Ramkali akafuta machozi.

"Mmeona unyenyekevu? Ameshinda, na bado anajishusha! Diwani gani mwingine amewahi kujitukana?"

Vigelegele vikalipuka. Mashada ya maua yakamfunika mpaka puani. Kila alipofungua mdomo kuungama, walishangilia zaidi, wakambeba juu juu hadi nje.

Pale kwenye ngazi za ukumbi alisimama Phulmati. Alikuwa amekuja na basi la asubuhi kushuhudia mumewe akizomewa, maana hilo asingekubali kusimuliwa. Wakamshusha Trilochan mbele yake.

"Sina bangili," akasema, kichwa chini. "Nilizipata, zimeniponyoka."

"Nimesikia yote, nilikuwa dirishani."

"Hawaniamini, Phulmati. Nawaambia mimi ni mwongo, wanapiga makofi!"

Phulmati akamwondolea ua lililomziba jicho.

"Mimi nimekuamini," akasema. "Twende nyumbani."